Ngo ya Tatu

Breki hakubatizwa jina hilo kwa mapenzi. Wenzake hospitalini walimbandika kwa sababu kuku akionekana tu kando ya barabara, mguu wake ulikuwa umeshahamia kwenye breki. Miaka kumi na tisa aliendesha gari la wagonjwa bila hata mkwaruzo, na bado wakamcheka. Ndivyo walimwengu walivyo: ukienda mbio unawaua, ukienda polepole unawachelewesha. Kicheko hicho kilikatika miaka minne iliyopita, siku ya ile kona.

Sasa uongozi ukaleta barua. Madereva wote wa gari la wagonjwa waende mafunzo ya juu ya udereva, siku tatu, kwenye uwanja wa lami nje ya mji, wajifunze kulimudu gari likiteleza. Atakayefeli atakabidhi ufunguo na kuhamishiwa stoo. Stoo, jamani! Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili akakunje mashuka na kupanga ndoo. Breki aliisoma barua mara mbili, akaitia mfukoni, na jasho likamtoka ingawa feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake. Stoo haikumtisha kama neno moja lililokuwa katikati ya barua: kuteleza.

Ili uelewe lazima nikwambie habari ya kugonga. Gari la wagonjwa lina ukuta wa bati kati ya dereva na mgonjwa, wenye kidirisha kidogo cha kioo. Mbele, kando ya dereva, hukaa ndugu wa mgonjwa. Basi muuguzi aliye nyuma hawezi kupaza sauti kwamba hali ni mbaya, na mwana wa mgonjwa yuko pale macho yamemtoka pima. Muuguzi wa Breki alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mcheshi asiyejua kununa. Wawili hao walikuwa na lugha yao ya kugonga bati. Ngo moja: taratibu, kuna anayeumia. Ngo mbili: kaza mwendo. Ngo tatu: basi tena, hakuna wa kumkimbiza. Ikigongwa ya tatu, Breki aliondoa mguu kwenye mafuta kidogo kidogo, ndugu asishtuke, akaendesha kama mtu anayetoka sokoni.

Siku ya kona ilikuwa ya mvua. Mwana wa mgonjwa, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa analia kwa sauti huku akipiga dashibodi kwa viganja. Breki alisikia ngo. Akasikia ngo nyingine. Akakanyaga mafuta, na papo hapo akageuza shingo kuchungulia kidirishani, maana alitaka kuuona uso wa shemeji yake. Gari likaacha lami. Yeye na yule mwenye ndevu walitoka na michubuko. Kule nyuma hakutoka mtu akiwa hai.

Polisi waliandika kwamba barabara ilikuwa na utelezi. Mkewe hakuuliza kitu. Miaka minne, hata swali moja! Alimpikia, alimfulia, alimtania kwa kitambi chake, lakini hakukanyaga tena gari lolote ambalo mumewe ameshika usukani. Asubuhi nyingine alimwambia tu, "Usiku umenisumbua tena," na akiulizwa amesumbuliwa vipi, anaenda zake jikoni.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, kofia imemfika kwenye nyusi na kijiti cha kiberiti mdomoni. Gari lake la kufundishia lilikuwa dogo na kuukuu, viti vya nyuma vimeng'olewa, matairi ya nyuma yamekwisha hadi yanang'aa. Lami ya katikati ilikuwa imemwagiwa maji ya sabuni. Mwisho wa uwanja alisimamisha pipa jekundu.

"Gari hufuata macho," aliwaambia. "Ukiliangalia shimo, shimoni utaingia. Likianza kuteleza, mguu nje ya mafuta, macho kwenye pipa, mikono itajua yenyewe. Msiniletee ushujaa."

Zamu ya Breki ilipofika, alienda vizuri mpaka matairi yalipokutana na sabuni. Nyuma ya gari ikaanza kuhama. Hapo, mgongoni kwake, akasikia: ngo. Ngo.

Bati, kabisa. Na gari lile halikuwa na ukuta wa bati wala hata kiti cha nyuma. Mguu ukakanyaga mafuta, shingo ikageuka, na gari likazunguka mara tatu kama pia huku likigonga koni za plastiki.

"Mzee wangu, umekanyaga mafuta," Mwalimu alisema, akiinama dirishani.

"Kuna kitu kinagonga huko nyuma."

"Nyuma kuna hewa."

Akafungua buti. Hewa kweli, hata tairi la akiba halikuwamo. Wenzake waliokuwa wamekaa kwenye kivuli wakaanza: "Leo Breki kabadilisha jina, mwiteni Mafuta!" Breki alicheka nao, kicheko kisichofika machoni.

Siku ya pili alijaribu mara kumi na moja, akazunguka mara kumi na moja. Kila mara ni pale pale, gari linapoanza kuhama: ngo, ngo, na yeye huyo ameshageuka. Nyuma hakukuwa na mtu. Mara ya mwisho Mwalimu alikaa naye mbele. Gari liliposimama kinyumenyume, alianza kujisugua mikono.

"Mbona humu ndani kuna baridi hivi?" akasema. Akavuta hewa puani. "Na nani amemwaga spiriti?"

Breki alikuwa ameisikia harufu hiyo tangu jana. Spiriti ya kusafishia vidonda, ile iliyokuwa haitoki mikononi mwa shemeji yake. Alikuwa amejiambia ni akili yake tu. Sasa akamgeukia.

"Mwalimu, na wewe umesikia kugonga?"

Mwalimu alitoa kijiti mdomoni, akakitazama. "Mimi nasikia injini. Wewe unachosikia sijui, na sitaki kujua. Ila nimeiona shingo yako. Unasikia nusu ya kitu, unakimbilia kujibu. Kesho ni mtihani, mara moja tu. Chochote kikikuita, kisikilize mpaka kimalize, macho yabaki kwenye pipa. La sivyo, baba, nitaandika umefeli, na sitafurahi."

Siku ya tatu kulikuwa na manyunyu. Breki aliingia garini peke yake, akafunga mlango, na harufu ile ilikuwa inamngoja. Aliogopa. Sioni aibu kumsemea: aliogopa mpaka ufunguo ukamponyoka akauokota sakafuni. Kisha akasema polepole, bila kutazama kioo, "Shemeji, leo nakuomba. Leo usinipeleke stoo."

Akaondoka. Gia ya pili, ya tatu. Sabuni. Nyuma ya gari ikaanza kuhama upande wa kushoto.

Ngo.

Nywele za kisogo zikamsimama. Kitu kilikuwa karibu sana na sikio lake, kama mtu anayetaka kunong'ona.

Ngo.

Mguu ulitaka mafuta. Shingo ilitaka kugeuka, nayo ilimuuma kwa kuzuiwa. Breki alilikazia macho lile pipa jekundu mpaka machozi yakamlenga. Pipa. Pipa. Sikiliza mpaka kimalize. Gari lilikuwa linaenda ubavu ubavu, na mgongoni kukawa kimya, kimya kirefu ambacho hakuwahi kukingoja.

Ngo.

Ya tatu. Mguu wake uliondoka kwenye mafuta wenyewe, kidogo kidogo, kama zamani. Gari likajinyoosha, likatambaa, likasimama hatua moja kabla ya pipa. Wenzake walipiga makofi na miluzi. Mwalimu alikuja na karatasi yake, akamkuta ameshika usukani kwa mikono miwili, analia kama mtoto.

"Umefaulu, mzee. Sasa unalia nini?"

"Nimefaulu nimechelewa," Breki alisema.

Alirudi nyumbani jua bado liko juu. Mkewe alikuwa anapiga pasi mezani. Breki aliweka cheti juu ya nguo zilizokunjwa.

"Nimefaulu, mama watoto."

"Hongera." Pasi iliendelea.

"Mdogo wako aligonga mara tatu."

Pasi ikasimama.

"Mgonjwa alikuwa ameshakufa," Breki alisema. "Alikuwa ananiambia nipunguze mwendo. Mimi nikasikia mbili, nikaongeza. Ningengoja kidogo tu, mke wangu. Kidogo tu."

Mkewe aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akakaa.

"Najua," akasema.

"Unajua? Nani alikwambia?"

"Wewe. Miaka minne, kila usiku ukishapotea usingizini, mkono wako unatoka kwenye shuka na kugonga ubao wa kitanda. Ngo, ngo, ngo. Haijawahi kuwa mbili hata siku moja. Na lugha yenu naijua, mdogo wangu alinifundisha tukiosha vyombo." Alijifuta uso kwa shati la mumewe alilokuwa analipiga pasi. "Mwanzoni niliogopa, nikadhani ni yeye ameingia chumbani. Halafu nilikukasirikia, nikakukasirikia sana. Nikasema sitakwambia. Siku moja utahesabu mwenyewe."

Mkewe aliinuka, akachukua ufunguo wa gari lao dogo kwenye msumari, akamtia mkononi.

"Nipeleke kaburini kwake."

Alitangulia kutoka. Breki alipofika garini alimkuta ameshaingia, amekaa kiti cha nyuma, nyuma kabisa ya dereva. Akawasha injini. Kabla hajaingiza gia, mgongoni mwa kiti chake kukagongwa kwa kidole.

Ngo moja.

Breki hakugeuka. Alitazama mbele, akaondoa gari taratibu.