Fainali ya Mzee Elia

Leo mfiwa mwenyewe ndiye katuambia tuwashe runinga.

Jirani yetu hapa Mwankoko, Mzee Elia, tumemzika jana. Kwetu jirani akifiwa, redio na runinga zinanyamaza. Mama alishaifunika yetu kwa khanga.

Sasa leo ilikuwa fainali ya yale mashindano ya runingani ya timu za watu wawili wawili zinazokimbizana kuzunguka dunia. Mzee alikuja kwetu kila wiki kuyatazama, yeye ambaye hakuwahi kuvuka Dodoma. Timu yake ilikuwa ya wale ndugu wawili wenye mvi.

Jioni mkewe akaingia, akaketi palepale alipokuwa akikaa mumewe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Washa.”

Mama akasita. “Watu watatusemaje?”

“Mwenye msiba ni mimi.”

Nikawasha, sauti chini. Tukatazama mpaka mwisho.

Bibi haoni vizuri, akaniuliza, “Wale wake vipi?”

“Wamekuwa wa mwisho, bibi.”

“Lakini wamefika?”

“Wamefika.”

Akainuka, akaifunika runinga mwenyewe kwa ile khanga, akarudi kwake msibani.

Kama kuna kosa hapo, nisemeni mimi. Mama mwacheni.