Panya wanaochomwa mara nane, kisha kipimo kimoja tu kinasomwa

Saa tatu asubuhi, Hatsue Kuramitsu anamshika panya mweupe kwa mkono wa kushoto na kumtoa tone la kwanza la damu mkiani, robo saa baada ya kumnywesha sukari. Kila robo saa anamrudia yuleyule, mpaka zitimie saa mbili tangu anywe sukari. Vipimo vinane, kwa kila panya.

Kinachosomwa ni kimoja, cha mwisho.

“Saba vyote vinalala kwenye kompyuta,” anasema mama huyu wa miaka hamsini na sita, mhudumu wa wanyama katika maabara ya dawa mjini Toyama. “Sasa tunawachoma vya nini?”

Dawa inayojaribiwa ni ya kisukari. Panya hunyweshwa sukari, nusu yao hupewa dawa, nusu maji. Baada ya saa mbili sukari ya wote imekwisha shuka. Ni kama kuwatazama wakimbiaji baada ya wote kufika, kisha useme hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mtakwimu wa maabara, Shizuka Orihara, ameshasema hadharani kwamba vipimo vyote vikisomwa pamoja, kasi ya kushuka itaonekana, na nusu ya panya watatosha. Hakusikilizwa. Utaratibu uliwekwa na mkuu aliyestaafu, na hapa hakuna anayetaka kumkosoa mzee angali hai.

Wiki iliyopita mkuu wa sasa, Bwana Tadokoro, alisimama mlangoni. “Kuramitsu, agiza panya arobaini wengine. Matokeo hayaeleweki.”

“Hayaeleweki, au hayajasomwa, mkuu?”

“Mama, we lisha panya. Takwimu tuachie wenyewe.”

“Mngekuwa mnazisoma, ningewaachia!”

Orihara, aliyekuwa kwenye kompyuta yake, alicheka, akajifanya anakohoa. Tadokoro alikwenda zake, na agizo likabaki palepale. Inaudhi, na haina haja ya kupambwa: arobaini wengine watauawa jaribio likiisha, ili mzee asione haya.

Kila vuli wafanyakazi hukusanyika mbele ya jiwe la kumbukumbu nyuma ya jengo, wakaweka maua na kuwashukuru wanyama waliokufa. Safari hii Kuramitsu ndiye aliyeteuliwa kusoma shukrani, Ijumaa, mbele ya wakuu wote, mstaafu akiwa kiti cha mbele. Maneno ameshaandikiwa. Mstari wa mwisho unasema: “Hamkufa bure.”

Atausoma?

“Nitasoma yote, huo nitauruka,” anasema, akimrudisha panya kizimbani. “Wakiniuliza, nitawajibu palepale. Walio hai nimewadanganya sana kwa adabu. Hawa siwezi.”