Nilikula mbuzi ya kunifunga kinywa

Kosa ni yangu, siitafutie mutu mwingine. Nilimupeleka mutoto wangu mimi mwenyewe ku nyumba ya mwanamuke mwenye alinichoma, na nilikuwa najua.

Musiniulize jina. Niko mwanaume wa miaka kupita makumi ine, nakaa Beni, mu commune ya Beu, nauzaka makala ya kupikia. Masomo niliachia mu quatrième primaire, darasa ya ine. Lakini jina yake yeye nitaitaja. Ni Kavugho, dada ya baba yangu, wa Butembo, kule Bulengera. Batu ba kanisa banamuitaka Mama Mubarikiwa. Mimi ile jina sina kinywa ya kuitamka.

Mama yangu alikufa nikiwa mudogo, baba akanipeleka kwa Kavugho. Kwetu shangazi ni baba mwenye kuvaa kitenge: akisema, baba amesema. Alikuwa anatunyima chakula, halafu ukikomba sufuria anakuita mwizi. Siku moja alinikamata na kiazi mu mukono. Alishika ule mukono, akauweka juu ya mbabula, makala inawaka, akasali Salamu Maria pole pole mupaka mwisho. Vidole bibili habinyookake mupaka leo.

Ningemuambia nani? Batoto bake bakubwa, Masika na Kambale, balikuwa pale, balikuwa banacheka. Nilipokuwa kijana nikawa nasema ni lampe ya petroli ilinichoma. Mwanaume atasema aje kama aliteswa na mwanamuke? Benzangu bangeniita demoiselle, kasichana. Hata bibi yangu nilimuoa na ule uongo wa lampe.

Donc, vita ilipokaribia mashamba yetu, bibi yangu akasema mutoto wetu Kavira, wa miaka kumi, aende Butembo asome mu amani.

"Kwa nani?" nikauliza.

"Baba Kavira, kwa nani tena? Kwa shangazi yako. Si ni yeye alikulea? Huku barabara imejaa basoda na bunduki yabo, na banaume benye hatujue. Kule ni nyumba ya bamama tupu."

Nyumba ya bamama tupu. Kusema hapana ilikuwa kumuonyesha mukono na kumuambia lampe haikukuwa. Nikajidanganya: amezeeka, anaimba mu kwaya, pengine roho imelainika. Nikamupandisha mutoto ku moto, pikipiki ya kubeba batu, nikamufungia na kibunda yake ya nguo.

Nilienda kumuona mu mapumziko ya Pasaka. Alikuja kunisalimia na mukono ya kushoto. Kwetu mutoto hasalimiake mukubwa na kushoto, nikamuambia, "Leta ya kuume." Akamuangalia Kavugho kwanza. Kisha akaitoa: kitambaa yenye iliifunga ilikuwa imegandama ku ngozi.

"Aliangukia ku mbabula," Kavugho akasema. "Batoto ba Beni habajue kupika."

Nikamubeba mupaka centre de santé, batu bamutibu. Infirmière, muuguzi wa pale, alikuwa mama wa roho muzuri kabisa. Akainama, akamuuliza mutoto: "Mwanangu, ni mwanaume gani alikufanyia hivi? Usiogope, baba yako iko hapa."

Kavira akajibu kweli: "Hakuna mwanaume."

Basi, infirmière akaandika ajali. Mutoto hakudanganya, infirmière hakudanganya. Mwenye alikuwa anajua alikuwa amesimama pale, mukono mu mufuko.

Kesho yake nikajikaza, nikaenda kwa chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, nikasema jina. Alikuwa na rafiki yake, banakunywa chai.

"Mama Mubarikiwa?" chef akasema. "Ule wa kwaya? Papa, ule mama hata kuku anaombeaka mbele ya kuchinja."

Rafiki yake akaongeza: "Na weye na ndevu yako yote, umekuja kumushitaki mama muzee? Mwanamuke akimuchapa mutoto, hiyo ni kulea. Muende mumalize mu famille."

Tukaenda kumaliza mu famille. Kaka mukubwa ya baba yangu, muzee Kasereka, alituita bote. Kwetu ugomvi ya damu moja inamalizwa na mbuzi. Mwenye kukosa analeta, bote banakula, na mwenye amekula hatasema tena ile maneno, hata mu ulevi. Kavugho akaleta mbuzi. Hakusema nilichoma mutoto. Alisema, "Kama kuna mutu nilihuzunisha, anisamehe."

Muzee alinipa ini, kipande ya kwanza. Kavira alikuwa amekaa ku mulango na kitambaa yake, ananiangalia. Nikakula. Nilikula na nikalamba vidole, hata bile bibili.

Nilimurudisha Kavira Beni, nikasema imeisha. Haikuisha. Kisha myezi kidogo nilipita Butembo, nikakuta mu lupango, uwanja ya nyumba ya Kavugho, kasichana kengine, katoto ka bakimbizi. Kalikuwa kanabeba bidon ya maji na mukono moja. Ingine kaliificha mu nguo.

"Shangazi, hata huyu?"

Hakuacha kuchambua maharagi yake. "Weye, ile nyama ulikula ao hukukula? Ini ilikuwa tamu, hein? Basi tuachie."

Alikuwa na haki ya kunicheka. Hiyo iliniuma kupita makala.

Nikatafuta mbuzi. Nikaifunga ku mulango ya muzee Kasereka, muchana, majirani banaona. "Muzee, nimerudisha. Kinywa yangu haiko tena na kamba."

"Mutoto wa ndugu yangu, mbuzi yenye imeliwa hairudishwake. Unajitoa mu famille?"

"Kama famille ni hii, ninatoka."

Nikaenda na Kavira na mama yake ku bureau yenye kulinda batoto. Nilitoa mukono mu mufuko, nikaiweka ku meza. Kavira akaweka yake pembeni. Alama ilikuwa moja. Agent aliangalia, akaacha kutafuna bubble gum yake, akauliza jina. Nikasema yote: Kavugho mwenye kuchoma, Masika na Kambale benye kucheka, Kasereka mwenye kugawa nyama.

Bibi yangu hakulia. Alisema tu, "Miaka yote, lampe." Tangu ile siku ananipikia, lakini maneno inaisha ku chumvi na maji.

Kale kasichana kalirudishwa kwa nyanya yake. Hiyo peke yake ndiyo nilipata. Kavugho aliitwa ku bureau, akafika na bamama ba kwaya nyuma yake, akarudi ku nyumba yake na mbabula yake. Mu matanga ya kwetu, sahani ikipita, inaniruka.

Ile siku ya bureau, tukiwa tunarudi, Kavira aliniuliza: "Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbele ya mimi kwenda kwake?"

Nikamuambia ndiyo. Akavuta mukono yake mu yangu polepole, akaenda kutembea upande ya mama yake.

Nyinyi benye kusoma, banaume sana sana, benye mwanamuke alibatesa mu utoto na munasema ni lampe, ni kuanguka, ni ngombe ilinipiga: hamujifiche nyinyi peke yenu. Munamuficha yeye, na munamuwekea mutoto mwingine mbele. Sema leo, hata bacheke. Sema wakati kibunda ya mutoto wako haijafungwa ku moto.