Mkwe Hakai Katikati

Juzi mahakamani hapa Songea, dereva wa bodaboda alikana kosa la kupakia mishikaki, yaani abiria wawili kwa mpigo. Trafiki akaapa kwamba aliwaona eneo la Msamala kwa macho yake mwenyewe. Dereva akapewa nafasi ya kumhoji.

"Afande, aliyekaa katikati akanishika kiuno ni nani?"

"Yule mama mwenye kilemba, pale nyuma."

Dereva akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, yule ni mama mkwe wangu. Mkwe anishike kiuno?"

Wazee wa baraza wakaguna kwa aibu. Hakimu akafunika mdomo, akamwachia huru.

Nje, dereva akawasha pikipiki. Mkewe akapanda, mkwe akapanda nyuma ya bintiye, wakaondoka. Maskini afande! Alihesabu sawasawa, akakosea mpangilio tu.