Kaa Wawili Kikapuni

Jirani anachoma kaa, na harufu yake imenirudisha shambani kwetu kando ya mto, siku mama alipokuta miche yote ya mpunga imekatwa na kaa wekundu tusiowajua.

"Wifi, umetuletea kaa hawa wewe, na vikapu vyako vya Kipini!" alimwambia shangazi, dada yake baba, aliyetoka huko pwani kutuuzia samaki.

"Mimi naleta papa, wifi, sileti balaa," shangazi akacheka. Mama hakucheka. Simlaumu, mpunga ndio uliokuwa chakula chetu.

Msimu uliotangulia niliwahurumia kaa wawili wekundu waliochanganyika na papa kikapuni mwa shangazi, nikawatia mferejini. Huenda wengine walipanda mto wenyewe na maji ya chumvi kutoka baharini, sina hakika. Nilinyamaza.

Shangazi akaliona kovu la kubanwa na kaa kidoleni mwangu. "Ficha mkono, mwanangu," akaninong'oneza, akabeba vikapu vyake. Hakuja tena kwetu.