Televisheni Iliyomeza Harusi

Televisheni yetu ilikuwa na harufu yake. Ukiiwasha, kabla picha haijatulia, ukumbi mzima ulinuka vumbi lililoungua, na kwa kuwa Mama alifukiza udi kila alasiri, harufu hizo mbili zilishikana hadi kwenye mapazia. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Bofu, Likoni, na televisheni ile aliileta Baba kutoka Oman alikokuwa akifanya kazi. Deki yake ilikuwa humo humo ndani. Ubavuni palikuwa na upenyo mwembamba. Ukiingiza ncha tu ya sidii, yenyewe huivuta ikaimeza. Ilipofika mara ya kwanza majirani walikuja kuitazama kana kwamba ni bibi harusi. Miaka ikapita, rangi zikageuka, wasomaji wa habari wakawa na nyuso za kijani, na aliyebaki kujivunia ni mtu mmoja tu, Ami Athumani, mdogo wake Baba, ambaye hakuchangia hata waya wake.

Nimwelezee Ami huyu vizuri, maana nimemdharau kwa miaka mingi na dharau yangu ina haki ya kujulikana. Baba alimwachia ukubwa wa nyumba, naye akaupokea kwa mikono miwili, kazi akamwachia Mama. Alikuwa mjuaji. Alimsahihisha fundi bomba, akamsahihisha mwalimu wangu, akamsahihisha hata daktari aliyemtibu yeye mwenyewe. Taa ikiungua alikaa gizani akieleza kwa nini imeungua. Lakini somo lake kubwa lilikuwa heshima za wanawake. Nikisimama mlangoni ananifukuza ndani, Mama akicheka kwa sauti anakohoa huko ukumbini ili ajue amesikika, na mtandio ukiteleza kidogo basi siku hiyo tutahutubiwa mpaka wali upoe.

Mwaka ule Khalati Rukia, mdogo wake Mama, aliolewa Mtopanga. Siku ya kupamba wanawake walijaa ukumbini peke yao, vichwa wazi, nguo za kung'aa, wakicheza walivyotaka, na picha alizipiga mwanamke mwenzao. Mpiga picha huyo alikuwa na utaratibu ambao wenye kujali heshima zao waliupenda. Alitoa sidii moja tu, kisha akafuta kila kitu kwenye mashine yake mbele ya mwenye harusi. Katika sidii hiyo alikuwamo Bibi, mama yao Mama na Khalati, amekaa kitini katikati ya ukumbi, pembe ya vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, mkono mmoja, kijiti mkono wa pili, akiimba. Miezi mitatu baadaye Bibi alifariki. Hatukuwa na picha yake nyingine iliyotembea, wala sauti yake mahali pengine popote. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya alasiri Khalati alikuja kwetu, tunafunga mlango, tunamtazama Bibi akiimba, na wao wawili wanalia kwa raha zao.

Ami hakuitaka sidii hiyo ikae ovyo miongoni mwa sidii zake za mawaidha na za mpira. Akakata karatasi nene ya gundi, akaandika kwa kalamu nyekundu HARAMU KWA WANAUME, akaibandika juu yake kwa mikono yake mwenyewe. Ijumaa iliyofuata Mama aliiingiza, televisheni ikaivuta, ikakoroma, ikaanza kuonyesha. Tulipotaka kuitoa ilikataa. Ami akafahamishwa, akaja akaipiga televisheni makofi mawili ubavuni, akatamka kuwa ni joto.

Basi ikawa kila ukiiwasha, kabla hujagusa kitu, harusi inaanza. Ukitaka habari, ni Khalati anaingia ukumbini. Ukitaka mpira, ni mashoga zake wanazungusha viuno. Ami alilazimika kwenda kutazama mpira kwa jirani, kutwa ananung'unika kwamba mwanamume hawezi kuhamishwa kwenye nyumba ya nduguye. Mama akamwomba asubiri, kwamba Khalati alikuwa amesikia habari za fundi mwanamke huko Kisauni, na mpaka apatikane televisheni isivuke kizingiti. Ami akaitikia, "Inshallah." Ile inshallah yake ningeijua siku ile, ningelala mlangoni.

Asubuhi moja Mama alikwenda mazishini Mtongwe. Tuliporudi, mimi kutoka madrasa na yeye kutoka matangani, mezani pa televisheni palibaki kitambaa cha kufuma peke yake. Mama hakuvua hata buibui. "Mwanangu!" akaita. "Abee, Mama." "Vaa viatu."

Fundi wa karibu alikuwa kijana wa bara, jina lake Musyoka, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, na bao refu mbele yake wanapokaa wanaume kungoja vitu vyao. Televisheni yetu ilikuwa juu ya meza, imefunikwa gunia mpaka chini. Ami hakuwapo. Musyoka alimwona Mama akainuka, akafuta mikono.

"Mama, pole," alisema. "Mzee alileta hii asubuhi. Nikiwasha nikaona ni sherehe ya akina mama, nikaifunika. Nikamwambia, mzee, hii ngoja wenyewe."

"Ahsante, mwanangu," Mama akasema, na nikaona mabega yake yakishuka.

Musyoka akainamia meza. "Sasa, akasema hao ni watu wa nyumba yake, nitoe gunia. Alikaa hapo kwa bao na wazee wenzake wawili. Wameangalia mpaka ikaisha."

Musyoka, kwa kukosa la kufanya, akafungua mgongo wa televisheni na bisibisi, akaingiza koleo ndogo, akatoa sidii. Karatasi ya Ami ilikuwa imebanduka nusu na kujikunja, ndiyo iliyokwama. Musyoka akainyoosha, akayasoma yale maandishi mekundu, akatutazama, kisha kwa adabu akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Kijana wa bara, asiye hata Mwislamu, ndiye aliyekuwa na haya siku ile.

Mama akampigia simu Khalati. Hakumficha. Alitaja bao, akawataja wale wazee, akasubiri. Nilisikia sauti ya Khalati, ndogo na kavu: "Ivunje, dada. Wallahi, ivunje sasa hivi." Nikaelewa. Nikamshika Mama mkono kwa mikono yangu miwili nikamwambia Bibi yumo humo, nikapiga kelele mpaka watu wakageuka. Mama akaniondoa taratibu, akaibana sidii kwenye ukingo wa meza, akaikata vipande viwili, kisha vinne, akavitia mkobani.

Jioni ile Ami alikula wali wake vizuri. Alisema watu wa bara hawana adabu, kitu cha mtu wanakifungua tu. Mama akampakulia mchuzi. Mwezi uliofuata Baba alituma televisheni mpya, bapa, isiyo na deki, na Ami akakaa mbele yake akieleza ubora wake. Hakuna aliyemwambia neno. Mama alisema kumfedhehesha yeye ni kumfedhehesha Khalati mara ya pili.

Sasa ana ndevu nyeupe na watu humbusu mkono. Kwenye harusi zetu siku hizi ndiye anayesimama kuhimiza simu za wanawake zikusanywe mlangoni, na watu wanasema mashallah, mzee ana msimamo. Mimi humtazama nikaona bao la Musyoka. Picha za leo ziko nyingi, kila mtoto mchanga ana video mia kabla hajaota jino, nami niliyempenda Bibi kuliko watu wote nimebaki na maneno ya wimbo wake tu. Nimejaribu kuyaimba. Mama alishafariki, Khalati anasema kausahau kabisa, na sauti yenyewe siipati.

Mwaka huu, siku ya Idi, nilikwenda kumwamkia Ami kwa sababu ni wajibu. Alikuwa peke yake. Akanitazama usoni muda mrefu, uzee umemlegeza ulimi, akasema, "Umefanana na bibi yako. Yule mama alikuwa na sauti." Kisha akafumba macho akaanza kuuimba wimbo wa vugo, pale anapopandisha, pale anapovuta pumzi, pale anapokatisha kidogo kabla ya kiitikio. Ilikuwa ni yeye hasa, Bibi, katika koo la mtu huyu asiye na haya.

Nilitaka kuinuka nitoke. Nikamwambia, "Rudia, Ami."