Siku Tatu za Kumficha Mama

Mdogo wangu wa mwisho alifariki Ijumaa asubuhi huko Kibwezi. Alianguka kando ya pampu ya maji, mpira wa kumwagilia vitunguu ukiwa bado mkononi, na kabla gari halijafika barabara kuu alikuwa ameshatutoka. Mama yetu, aliyekuwa nyumbani Mbooni, aliambiwa Jumapili alasiri. Tangu Ijumaa hiyo hadi Jumapili sisi watu wazima tulishika siri pamoja, na hofu yetu yote tukaiweka juu ya binti yangu.

Mama ana presha. Baba alipofariki, jirani alimpigia simu akiwa peke yake jikoni. Alianguka, kichwa kikagonga jiwe la kusagia, akalazwa wiki mbili. Kaka yangu mkubwa aliapa kwamba jambo hilo halitarudiwa. Safari hii mama angeambiwa kwa utaratibu: mchungaji awepo, muuguzi wa kanisa letu awepo na mashine yake ya kupima presha, na sisi watoto tuliobaki tuwe tumemzunguka. Mchungaji alikuwa safarini hadi Jumapili. Kwa hiyo simu ya mama ikachukuliwa, eti inapelekwa kutengenezwa. Betri za redio nazo zikatolewa Jumamosi asubuhi, kwa kuwa saa saba mchana idhaa ya Kikamba husoma matangazo ya vifo, na mama hayakosi hata siku moja.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Ana usonji. Kila likizo nilikuwa nikimtoa Kitui mjini, ambako honi na vipaza sauti vya sokoni humfanya azibe masikio na kujikunja chini ya meza, na kumpeleka kwa nyanya yake, ambaye yeye humwita susu, kama sisi Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Amebeba jina la mama yangu, na mama humwita "wajina". Huko Mbooni waliweza kukaa mlangoni pa jikoni asubuhi nzima wakichambua mbaazi, binti yangu akizipanga kwa rangi, bila mtu kumwuliza kwa nini. Sijaona mahali pengine duniani ambapo mabega yake hushuka.

Habari za mjomba wake nilimpa Ijumaa ileile. Yeye huambiwa mambo wazi au huumia. Nilisema, "Anko wa Kibwezi amekufa. Yuko mochari. Hatapiga simu tena."

"Jumapili saa kumi atapiga nani?" akauliza, maana mdogo wangu alikuwa akimpigia mama kila Jumapili saa hiyo, na wakati wa likizo binti yangu ndiye aliyekuwa akiipokea simu.

"Hakuna."

Alifikiri, akaenda kufuta saa kumi kwenye ratiba yake ya ukutani.

Jumamosi asubuhi tulipofika, kaka mkubwa alitukuta njiani, kabla ya lango, hata boda boda haijageuza.

"Mwalimu," akaniita kwa kazi yangu, "huyu umemleta wa nini?"

"Nimwache na nani?"

"Anajua?"

"Nimemwambia."

Alishika kichwa. "Wewe umesoma mpaka chuo, halafu unaenda kumpa siri mtoto aliyesimama kanisani akamwambia mchungaji kwamba amerudia mahubiri ya Krismasi?"

"Na alikuwa ameyarudia," alisema shangazi yetu, aliyekuwa amekuja kupokea mizigo. "Neno kwa neno."

"Shangazi, tafadhali. Apelekwe kwako Kasikeu hadi kesho jioni."

Hapo ndipo nilipoanza kufundisha. Niliwaeleza jambo nililoliona katika kituo cha tathmini Kitui, binti yangu alipokuwa na miaka saba. Afisa wa kituo alikuwa na mwanasesere, kikombe, kopo na karanga moja. Mwanasesere aliweka karanga ndani ya kikombe, akatoka nje. Afisa akaihamishia kwenye kopo, kisha akauliza, "Akirudi, ataitafuta wapi?" Binti yangu alionyesha kopo papo hapo, akishangaa kidogo kwa swali rahisi hivyo. Afisa alinieleza kwamba kwa mtoto huyu, anachokijua yeye kinajulikana na wote. Bado hajaona kwamba mtu anaweza kuamini jambo ambalo si kweli.

"Kwa hiyo hatamwambia," nilimwambia kaka. "Anadhani mama anajua tayari. Wewe unaweza kwenda kumwambia mama kwamba leo ni Jumamosi?"

"Hiyo ni elimu ya wapi?"

"Ndivyo alivyo. Hatangazi kitu anachoamini kinajulikana."

Macho ya kaka yalikuwa mekundu. Yeye ndiye aliyeutambua mwili. "Sawa," akasema. "Lakini akiharibu, asikanyage hapa likizo tena. Mama akianguka sitaangalia kama mtoto ni mgonjwa au si mgonjwa."

"Si mgonjwa."

"Umesikia nilichosema."

Nilikubali. Nilijiona nimeshinda, hata nilipoingia uani na kumkuta mama akifurahi kwamba wote tumekuja ghafla hivi, akiuliza nani anaoa.

Katika hesabu zangu nilisahau jambo moja. Sisi hatukumwuliza binti yangu maswali ya maana, kwa hiyo niliona kama hakuna atakayemwuliza. Mama yangu humwuliza kila kitu.

Saa saba ilipofika nilikuwa nje ya jikoni na beseni la maharagwe. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona mama akibonyeza redio. Kimya. Akaipiga piga kwa kiganja, akaibonyeza tena, akaigeuza na kufungua mfuniko wa nyuma. Binti yangu aliacha mbaazi akamtazama kwa uso uleule wa siku ya karanga, kama mtu anayemwona mwenzake akitafuta kitu mahali ambapo wote wawili wanajua hakipo.

"Wajina, betri ziko wapi?"

"Kwa koti ya anko mkubwa."

"Amezitoa za nini?"

Binti yangu alijibu kwa sauti ya kaka yangu, aliyekuwa amezitoa asubuhi ile mbele yetu, pumzi kwa pumzi, kama anavyorudia maneno ya watu: "Mwaitu asisikie matangazo, nawaomba, mpaka kesho."

Mwaitu ni mama kwa lugha yetu. Mama aliiweka redio chini. Wakati huo nilikuwa na nafasi ya kutosha. Hatua nne, pengine tano. Ningeingia na beseni langu, nikasema maharagwe yana mawe, nikamtuma mtoto nje. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuingia, na jibu ninalolipata halinipi sifa: nilikuwa nimechoka kumtazama mama akitabasamu.

"Matangazo ya nani, wajina?"

Binti yangu alisita. Nadhani aliona ajabu kuulizwa.

"Ya anko wa Kibwezi. Alikufa Ijumaa. Yuko mochari. Hatapiga simu tena."

Mama hakuanguka. Aliukamata ukingo wa meza kwa mikono miwili, akafumba macho, midomo ikienda bila sauti. Binti yangu alirudi kwenye mbaazi. Kisha mama alifumbua macho akaniona mlangoni, na nikaelewa kwamba alijua nimesimama hapo tangu lini.

"Niletee dawa yangu na maji," akasema. Nilileta. Alimeza. "Kaka yako amejipangia vile atakavyoniambia?"

"Kesho. Na mchungaji."

"Basi waache waje waniambie. Wasijue kwamba najua." Alimwonyesha binti yangu kwa kidevu. "Huyu asigombezwe."

Aliingia chumbani, akamwita wajina wake aje, akafunga mlango. Sikusikia kilio. Walipotoka baada ya saa nzima, kitambaa cha mama kilikuwa kimelowa, na binti yangu alikuwa bado ameshika ncha yake moja.

Jumapili walikuja wote. Viti vya kanisa vilipangwa sebuleni, mama akauliza ni vya nini, akaambiwa ni maombi, akasema vizuri. Muuguzi alimfunga mashine mkononi. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, kisha kaka yangu, mtu wa miaka hamsini na sita, akapiga magoti mbele ya mama na kusema, "Mwaitu, jipe moyo."

Mama alipiga yowe. Hata leo siwezi kusema ni kiasi gani cha yowe lile kilikuwa cha kuwasitiri waliokuja na kiasi gani kilikuwa chake mwenyewe, kilichosubiri tangu jana kupata ruhusa. Wanawake wakapokea. Binti yangu, aliyekuwa kwenye pembe karibu na kabati, aliziba masikio. Sauti zilipotulia kidogo aliondoa mikono, akasema kwa utulivu, kama anayesahihisha daftari:

"Susu anajua. Nilimwambia jana saa saba."

Chumba chote kiligeuka. Shangazi aliweka mkono mdomoni. Kaka yangu, bado amepiga magoti, hakumtazama mtoto, alinitazama mimi.

"Anachanganya," nilisema. "Alikuwa anaongea peke yake. Hakumwambia."

"Nilimwambia," alisema binti yangu, akininyooshea kidole. "Mama alikuwa mlangoni. Na beseni."

"Hapana. Hukumwambia."

Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Uwongo huu tulikuwa tumeubeba wawili. Muuguzi alisoma mashine, akasema presha haijapanda kama alivyohofia, mchungaji akamshukuru Mungu. Kaka aliinuka akafuta magoti. Aliamini, au aliamua kuamini.

Binti yangu huwatazama watu sikioni, au begani, au kwenye vifungo vya shati. Siku ile alinitazama usoni. Aliyapitia macho yangu, mdomo, tena macho, polepole, kana kwamba kuna maandishi pale ambayo wengine wote wameshayasoma. Kisha akatoka kwenda kwenye mbaazi zake.

Nilijaribu kulirekebisha. Wiki moja baada ya mazishi, tukiwa Kitui, nilikaa naye nikamwambia, "Ulimwambia susu. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Kwa nini?"

"Nilitaka anko mkubwa asikasirike. Nilitaka uendelee kwenda kwa susu."

"Susu alilia jana yake. Halafu akalia tena kama hajui."

"Ndiyo."

"Wewe ulijua anajua."

"Ndiyo."

"Anko hakujua."

"Hakujua."

Anaendelea kwenda Mbooni kila likizo, hilo nililipata. Lakini mama aliniambia kwa simu kwamba siku hizi akimwuliza jambo, hata dogo, kama kuku wametaga, wajina wake hujibu, "Sijui." "Nasi tulimfundisha nini, jamani," mama akasema.

Mwaka huu tulirudi katika kituo cha tathmini. Afisa ni yuleyule, kikombe kilekile kilichomeguka mdomo, karanga nyingine. Mwanasesere aliweka karanga kikombeni, akatoka. Afisa akaihamishia kwenye kopo.

"Akirudi, ataitafuta wapi?"

Binti yangu hakuonyesha kopo papo hapo. Aligeuka, akautazama uso wangu kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya kikombe.

Afisa alitabasamu, akaandika. "Mama, haya ni maendeleo makubwa. Sasa anaelewa kwamba mwingine anaweza kuamini kitu ambacho si kweli. Mmekuwa mkifanya mazoezi nyumbani?"

"Kidogo," nikasema.

"Vizuri sana. Sasa swali la mwisho, ni rahisi tu." Akamwinamia. "Na kwa kweli, karanga yenyewe iko wapi?"

Kopo lilikuwa mbele yake, sentimita chache kutoka kidole chake. Alikuwa ameiona karanga ikiingia humo. Binti yangu alirudisha mkono mapajani, akanigeukia tena.

"Mama," akauliza, "nisemeje?"

Nilimwambia aseme ukweli. Aliendelea kunitazama usoni, akingoja.